Darasa la Sanaa: Usichague kwa Macho ya Jirani

Mwezi huu tuache kidogo habari za lishe na homa za watoto, tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalitamani kimoyomoyo lakini tunaona haya kulisema mbele za watu: kujifunza sanaa. Kuchora, kutengeneza batiki, kufinyanga, kusuka. Tunaona haya kwa sababu mwanamke mwenye watoto wanne na ada ya shule shingoni, akisema anataka kwenda kujifunza kuchora, hutazamwa kama mtu ambaye malaria imempanda kichwani.

Sisi si wageni katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita, sita miongoni mwetu, wa kikundi kimoja cha akina mama kanisani, tulichukua fedha za upatu tukajiandikisha katika mafunzo ya batiki ya majuma mawili. Kwa nini batiki? Kwa sababu jirani wa mmoja wetu alikuwa ameuza vitambaa vyake vya batiki akamlipia mtoto ada ya muhula mzima. Hatukuuliza zaidi ya hapo. Hatukwenda kumwona mwalimu akifundisha, hatukuuliza rangi zinanunuliwa wapi na kwa kiasi gani, wala hatukujiuliza kama kazi ya kusimama juu ya maji ya moto kutwa nzima inamfaa mwenzetu mwenye presha. Mwalimu alikuwa fundi kweli kweli, lakini rangi alizichanganya mwenyewe akiwa ametupa mgongo. Tulichovya vitambaa alipotuambia tuchovye, tukavitoa alipotuambia tuvitoe. Siku ya mwisho kila mmoja alirudi nyumbani na kitambaa kizuri cha kumwonyesha baba watoto, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutengeneza cha pili.

Mwezi ule zamu ya upatu ilikuwa ya mwenzetu mmoja ambaye alikuwa amemwahidi mumewe kuwa fedha hizo zitamalizia bati za jiko. Masika yakaja, jiko likavuja, na maneno yaliyosemwa nyumbani kwake hatuwezi kuyaandika hapa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tuandike juu ya jambo hili, ili mwingine asije akapita njia ile ile.

Basi, mama unayetaka kujiandikisha, kabla hujauliza darasa liko wapi, jiulize unaitaka sanaa hiyo kwa ajili gani. Yapo majibu mawili ya kweli. La kwanza ni kupata fedha. La pili ni kwamba moyo wako unapenda tu. Kwamba tangu ukiwa darasa la tatu ulikuwa unachora kuku na nyumba nyuma ya daftari la hesabu na kuchapwa kwa ajili hiyo, na hadi leo ukiona kanga yenye mpangilio mzuri unasimama njiani kuitazama. Hayo yote mawili ni majibu mema. Kosa ni kuyachanganya. Mama anayetaka fedha akienda darasa la kuburudisha moyo, atachoka baada ya mwezi mmoja kwa sababu haoni faida. Naye anayetaka kuburudisha moyo, akijidanganya na kumdanganya mumewe kwamba ni biashara, atadaiwa hesabu ya faida kila Jumamosi jioni, hata kalamu iwe mzigo mkononi mwake.

Wako watakaosema kwamba sanaa isiyoleta fedha ni anasa, na mama Mkristo hana muda wa anasa. Sisi hatukubali. Tusome Kutoka sura ya 35. Hema la kukutania lilipokuwa linajengwa, Mungu alimjaza Bezaleli roho yake ili achore, achonge na kukata vito, na katika sura hiyo hiyo wametajwa wanawake wenye ustadi waliosokota nyuzi za rangi ya buluu, zambarau na nyekundu. Hakuna aliyewauliza watauza kwa bei gani. Tena Dorkasi wa Yafa alishona kanzu na mavazi ya wajane, na alipokufa wajane walimwonyesha Petro nguo zile huku wakilia. Uzuri wa kazi ya mikono una nafasi yake mbele za Mungu hata pale usipopita sokoni. Lakini hatusemi kwamba ada ya mtoto isubiri. Tutalirudia hilo.

Tuanze na batiki, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi, nasi tuliinunua kwa bei ghali. Batiki ni kuzuia rangi isiingie mahali fulani kwenye kitambaa. Unachora au kugonga muhuri wa nta iliyoyeyuka, unachovya kitambaa kwenye rangi, kisha unaitoa nta kwa maji ya moto. Kitambaa lazima kiwe pamba tupu, maana kile chenye mchanganyiko wa nailoni hakishiki rangi hizi vizuri. Nta ya mshumaa peke yake hukakamaa na kupasuka, ndipo unapata ile mistari mistari kama ya tope lililokauka. Ukiichanganya na nta ya nyuki, hulainika na mistari hupungua. Kuzijua siri ndogo kama hizi ndiko unakolipia ada. Mwalimu asiyekueleza kwa nini, bali anakuambia fanya hivi tu, hajakufundisha.

Lakini upo upande mwingine ambao matangazo ya mafunzo hayautaji. Rangi za batiki zinazotumiwa sana huku kwetu huyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti. Kostiki huunguza ngozi, huunguza macho, na mtoto akiionja huunguza koo. Ndiyo kusema mama mwenye mtoto anayetambaa, mwenye chumba kimoja na uwanja wa kuchangia na wapangaji wenzake, afikiri mara mbili. Glavu za mpira ni lazima. Kazi ifanyike nje penye hewa. Kostiki humiminwa katika maji taratibu, kamwe maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka. Sufuria ya rangi isirudi jikoni hata ikisuguliwa kwa mchanga siku nzima. Nta nayo iyeyushwe katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji. Ikishika moto, funika kwa mfuniko, usimwage maji. Ukienda kuangalia darasa ukakuta wanafunzi wanachovya kwa mikono mitupu na watoto wanacheza kando ya ndoo, rudi nyumbani na fedha zako.

Kuchora ni kinyume chake. Hakuna sanaa inayoanza kwa gharama ndogo kuliko hiyo. Penseli tatu zinatosha: HB ya kuanzia, 2B, na 6B kwa sehemu za giza, kwa maana kadiri namba iliyo mbele ya B inavyokuwa kubwa, ndivyo penseli inavyokuwa laini na nyeusi zaidi. Ongeza daftari lisilo na mistari. Unaweza kuchora mtoto akiwa amelala mapajani. Tatizo la kuchora ni jingine: linakuvua nguo mbele za watu. Batiki mbaya unaweza kusema ni mtindo, lakini ukichora mkono wa mtu ukawa kama kiazi, kila mtu anaona ni kiazi. Kwa hiyo darasa la kuchora huchaguliwa kwa tabia ya mwalimu kuliko kitu kingine. Mmoja wetu aliacha darasa la kwanza kwa sababu mwalimu aliinua kazi yake juu na kuwachekesha wengine. Darasa la pili alikuta mzee mmoja ambaye kila mara aliuliza tu: "Mama, unaona nini pale?" Akamfanya aangalie tena, hata akajifunza kwamba alikuwa anachora mkono anaoukumbuka kichwani, si ule ulioko mbele yake.

Wengine wanapenda rangi zinazong'aa za Tingatinga. Ni vizuri kukumbuka kwamba Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakusomea chuo. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za kushindiliwa, akawafundisha ndugu na jamaa waliokaa karibu naye. Alifariki mwaka 1972, na waliobaki wakaendelea, hata mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Njia yao ya kufundisha ni ya kukaa chini karibu na fundi, kujaza rangi za nyuma, kunakili tembo na chui wa mwenzako kwa muda mrefu kabla ya kuchora wa kwako. Kwa mtu anayetaka kuuza, si njia mbaya. Kwa anayetaka kuchora yaliyo moyoni mwake, atachoshwa na chui. Nazo rangi hizo za mafuta zina harufu kali na zinataka kuachwa zikauke bila kuguswa, kwa hiyo usizitumie katika chumba wanacholala watoto.

Ufinyanzi tunauheshimu sana, kwani karibu kila mahali Tanzania umekuwa kazi ya wanawake. Wamama wa Kikisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa, na wale wa Upare hufinyanga vyungu bila gurudumu, na vyungu vyao husafiri mbali na kwao. Aliyejifunza kwa mama yake hakulipa ada, alilipa kwa miaka ya kubeba udongo. Wewe wa mjini ukipata darasa, uliza kwanza swali moja: vyungu vitachomwa wapi? Udongo uliofinyangwa bila kuchomwa ni udongo tu. Na chungu kisichokauka sawasawa kivulini, kikitiwa motoni, maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na chungu hupasuka. Tumewaona akina mama waliomaliza mafunzo vizuri, wakarudi kwenye nyumba ya kupanga ambako mwenye nyumba hataki moshi. Ujuzi wao ukaishia hapo.

Kusuka ukili hatutasema mengi, maana mwalimu wako huenda yuko nyumbani tayari. Mmoja wa wale sita, baada ya batiki kumshinda, alikwenda Mkuranga kwa mama mkwe wake wakati wa likizo. Alikuwa ameolewa miaka kumi na moja bila kujua kwamba yule mama husuka mikeka ya rangi nne. Walikaa barazani na miyaa yao siku kumi na mbili. Anasema alijifunza kusuka, na alijifunza pia mambo ya ukoo wa mumewe ambayo mumewe mwenyewe hakuyajua. Ada ilikuwa kilo mbili za sukari na doti moja ya kanga.

Sasa tuseme juu ya mwalimu. Turudi kwa Bezaleli kidogo. Sura ile ile inasema kwamba Mungu alitia moyoni mwake na mwa mwenzake Oholiabu uwezo wa kuwafundisha wengine. Limetajwa peke yake, mbali na ustadi. Kumbe mtu anaweza kujaliwa moja asijaliwe la pili, kama sisi tulivyoona. Kwa hiyo omba kukaa darasani siku moja kabla ya kulipa. Mwalimu mwema hatakataa. Ukiwa pale, usitazame kazi za mwalimu zilizotundikwa ukutani. Tazama kazi za wanafunzi, hasa wale dhaifu. Tazama ni nani anayeshika brashi muda mwingi. Mwalimu akichukua brashi ya mwanafunzi kila dakika kurekebisha, hizo picha nzuri utakazokwenda nazo nyumbani zitakuwa zake. Zungumza na mwanafunzi aliyemaliza mwaka uliopita, umwulize swali moja tu: je, bado unafanya? Uliza pia kama vifaa vimo ndani ya ada. Mara nyingi havimo, na hapo ndipo ada ndogo inapokuwa kubwa.

Kuhusu mahali, usidhani jina kubwa ndilo linalokufaa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ni mahali pa heshima, lakini masomo yake ya cheti na stashahada yanamtaka mtu wa kushinda chuoni. Huyo aweza kuwa binti yako aliyemaliza kidato cha nne, na kama ana kipaji usimzuie kwa sababu wewe ulizuiwa. Walioko Dar es Salaam wana Nafasi Art Space kule Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako wasanii hufanya kazi katika karakana zao na mtu aweza kwenda kutazama. Hata kutazama tu kwa siku moja kutakuonyesha kama unapenda kazi yenyewe au unapenda kitu kilichokwisha kutengenezwa. Hayo ni mambo mawili tofauti sana. Wa mikoani wasivisahau Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima hasa. Viko zaidi ya hamsini nchini, hutoa kozi ndefu na fupi, na baadhi yao vina chekechea ili mama asome mtoto akiwa karibu. Kile cha wilaya yako huenda kina ushonaji tu, huenda kina zaidi, nenda ukaulize.

Na simu je? Siku hizi mtu aweza kujifunza kwa kutazama picha za video kwenye simu usiku watoto wakilala. Kwa kuonja, ni nzuri sana, maana unaweza kugundua kwa gharama ya bando tu kwamba jambo fulani halikuvutii. Lakini simu haiuoni mkono wako. Haitakuambia kwamba unashika penseli kama unayeshika mwiko.

Tulisema tutarudi kwenye ada ya mtoto. Mama, zungumza na mwenzako kabla, si baada. Mwambie ukweli: ni kiasi gani, siku gani, saa ngapi, nani atapika siku hiyo, na kama ni kwa ajili ya fedha au kwa ajili ya moyo. Wapo waume watakaouliza, "Hiyo italeta nini?" Tusiwahukumu upesi, swali lenyewe ni halali katika nyumba yenye mahitaji. Yule mwenzetu wa penseli alimjibu mumewe hivi: "Wewe Jumapili mchana huenda kutazama mpira, na sijawahi kuuliza unaleta nini. Nipe saa mbili." Mumewe alicheka, akampa. Si kila mume atacheka. Kama nyumbani kwako jibu ni hapana kwa sasa, na kweli fedha hazitoshi, usione kwamba mlango umefungwa milele.

Tunasema hivyo tukimkumbuka Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928. Alisoma sanaa Makerere kati ya mwaka 1950 na 1952, katika shule ambayo Margaret Trowell aliianzisha barazani kwake mwaka 1937. Kisha akawa mwalimu na mama, na kwa miaka mingi sanaa ilikaa kando. Alipostaafu ndipo alipoirudia, na kwa kuwa hakuwa na fedha za rangi, alikata karatasi za kufungia sabuni na unga, akavibandika vipande vile hata vikawa kuku, wanawake na mashamba. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York. Alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka zaidi ya tisini. Wale wanaosema mama akiacha miaka kumi mkono umekufa, hawamjui huyo.

Wengine watauliza ile batiki yetu iliishia wapi. Kati ya wale sita, wawili waliacha kabisa na hawajutii. Mmoja ni yule wa ukili. Mmoja anachora, ana madaftari saba chini ya kitanda, na hajauza hata ukurasa mmoja. Mmoja alikwenda kujifunza batiki upya kwa mama mwingine anayepima rangi kwa kijiko mbele ya wanafunzi na kuwaandikisha vipimo daftarini; sasa huuza vitambaa, si vingi, hasa karibu na Pasaka na Krismasi. Wa sita ni yule wa bati za jiko. Yeye bado hajachagua darasa. Anasema anaokoa kidogo kidogo, mara hii mumewe akijua, na kwamba wiki iliyopita alikwenda kukaa darasani siku nzima kwa mfinyanzi mmoja, akamwuliza vyungu vinachomwa wapi.